Jinsi ya Kuitambua Epithelia kwa Hadubini

Mtu akiulizwa mwili wake umefunikwa na nini, hujibu upesi, "Ngozi," akaonyesha mkono wake. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijatimia. Kinywa nacho kimetandikwa kwa ndani. Vivyo hivyo koo, tumbo, utumbo, mapafu, kibofu cha mkojo na hata mishipa ya damu. Kila penye uso mwilini, uwe uso wa nje au wa ndani, pana utando wa seli zilizobanana kama vigae vya sakafu. Utando huo ndio uitwao epithelia. Jina lenyewe lilitungwa mwanzoni mwa karne ya 18 na Frederik Ruysch, mtaalamu wa viungo vya mwili wa Uholanzi, kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "juu ya" na "chuchu". Baadaye likaenea, likawa jina la tando zote za namna hii.

Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi aina za epithelia zinavyotambuliwa kwa hadubini, chombo ambacho wengi wetu nyumbani hukiita darubini. Wanafunzi wenzangu watasema kwamba jambo hili ni la mtihani tu. La, si la mtihani tu. Kila mahali mwilini pana epithelia ya aina yake, kwa kadiri ya kazi ya mahali pale. Ukiijua aina, umekwisha kujua mengi juu ya kazi yake. Na ukiikuta aina moja imekaa mahali pa nyingine, yafaa ujue kwamba hapo pana jambo. Kwa kanuni hiyo hiyo madaktari huokoa maisha ya watu, na katika mitaa yetu hii ya Temeke na Kinondoni wamo wanaoihitaji.

Maabara yetu ina sanduku la mbao lenye slaidi za tishu zilizotayarishwa zamani. Unyevu wa pwani, ambao hutuharibia hata madaftari, ulikwisha kubandua karatasi nyingi za majina. Muhula huu mwalimu wetu wa biolojia alitukabidhi sanduku hilo, sisi watatu wa chama cha biolojia, tuzitambue upya slaidi zisizo na jina. Slaidi hizo zimetiwa rangi mbili zitumikazo sana, hematoksilini na eosini. Basi viini vya seli huonekana vya buluu iliyokoza, na sehemu nyingine huwa za waridi. Haya ndiyo maswali tuliyoyafuata, moja baada ya jingine, wala hatukuruka hata moja.

Swali la kwanza: uso ulio wazi uko upande gani? Anza kwa lenzi ndogo, ile ya 4. Ikiwa lenzi ya jicho ni ya 10, utakuwa unakiona kitu kikiwa kimekuzwa mara 40. Usiharakie lenzi kubwa, maana mtu aingiaye msituni bila kupanda kilima kwanza hupotea njia. Tafuta ukingo unaotazamana na nafasi tupu. Huo ndio uso. Upande wa pili wa epithelia umekaa juu ya utando mwembamba sana uitwao utando wa msingi, na chini yake mna nyuzi na mishipa ya damu. Epithelia yenyewe haina mishipa ya damu. Chakula chake huipenyea kutoka chini. Kwa hiyo ukiona vijishipa vyenye chembe nyekundu za damu, jua umekwisha kuvuka mpaka, umeingia katika tishu nyingine.

Swali la pili: matabaka ni mangapi? Hapo panda lenzi ya 10, kisha ya 40, ili ukuzaji ufike mara 400. Hesabu viini vya seli kutoka utando wa msingi kwenda juu. Kikiwa kimoja tu, epithelia hiyo ni ya tabaka moja. Vikiwa vingi, ni ya matabaka mengi. Ya tabaka moja hukaa mahali pa kupitisha vitu, kama hewa, chakula au maji, maana ukuta mwembamba hupitisha upesi. Ya matabaka mengi hukaa mahali pa kusuguliwa, ili za juu zikichubuka za chini zipande kushika nafasi zake.

Swali la tatu: seli za juu zina umbo gani? Maumbo ni matatu: bapa, mchemraba na nguzo. Mara nyingi mipaka ya seli haionekani vizuri, lakini kiini husema. Kiini kilicholala kama mbegu ya tikiti ni cha seli bapa. Kiini cha mviringo katikati ni cha seli ya mchemraba. Kiini cha umbo la yai kilichosimama wima ni cha seli ya nguzo. Penye matabaka mengi, angalia tabaka la juu kabisa, kwa kuwa ndilo litoalo jina. Chini ya seli bapa za kinywa, kwa mfano, zimo seli nene zilizokaribia umbo la mchemraba. Wala hizo hazibadili jina.

Swali la nne: juu yake pana nini? Baadhi ya seli zina silia, yaani vijinywele vinavyopiga kama makasia. Baadhi zina ukingo wa vidole vidogo mno, uonekanao kama mstari uliokoza, nao huongeza eneo la kunyonyea chakula. Katikati ya seli za nguzo huenda zikawamo seli zenye tumbo jeupe kama kikombe; hizo hutengeneza ute. Tena ngozi ya nje ina tabaka la seli zilizokufa, zisizo na viini, zilizojaa keratini, ile dutu ya kucha na nywele.

Kwa maswali hayo manne slaidi zilianza kusema. Ya kwanza ilikuwa na miduara mingi midogo, kila mmoja umezungukwa na safu moja ya viini vya mviringo: mchemraba, tabaka moja, yaani mirija ya figo. Ya pili ilikuwa kama wavu wa mvuvi, nyuzi zake nyembamba mno na viini vilivyolala: bapa, tabaka moja, yaani vifuko vya hewa vya mapafu. Ya tatu ilikuwa na vidole virefu vilivyopandana, nguzo za safu moja, vikombe vya ute na ukingo uliokoza: utumbo mwembamba. Ya nne ilikuwa na matabaka mengi ya waridi, na juu kabisa maganda yasiyo na viini: ngozi ya nje.

Mzazi asiye na hadubini aweza kuiona kanuni hii sokoni Tandika, penye meza ya muuza matumbo. Tumbo kubwa la ng'ombe lina vinundu vigumu kama taulo. Limefunikwa kwa seli bapa za matabaka mengi zenye keratini, maana hupokea majani makavu ambayo hayajasagika vizuri. Utumbo mwembamba wa ng'ombe huyo huyo ni laini na una utelezi. Umetandikwa nguzo za safu moja, maana kazi yake ni kunyonya chakula. Mnyama ni mmoja, lakini kila mahali pana utando upasao.

Iko mitego miwili ya kuangaliwa. Wa kwanza ni mkato wa mshazari. Chukua gunzi la mahindi lenye punje zake. Ukilikata sawasawa kwa upana, utaona duara moja ya punje zimelizunguka. Ukilikata mshazari karibu na ubavu, utaona punje safu kwa safu, na mtu asiyejua ataapa kwamba zimerundikana. Ndivyo ilivyo kwa epithelia ya tabaka moja ikikatwa vibaya. Dawa yake ni kuizungukia slaidi nzima, utafute mahali ulipokatwa wima, utoe hukumu kwa mahali hapo.

Mtego wa pili ulituletea mabishano ya kipindi kizima. Slaidi ya tano ilikuwa na viini juu, katikati na chini, nasi tukasikia wa matabaka mengi na wa tabaka moja wakijibizana. Ukweli ni huu. Mfikirie abiria wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Vichwa viko juu na chini, kwa kuwa warefu wamo na wafupi wamo. Lakini miguu yote iko sakafuni, wala hapana abiria aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake. Epithelia ya koo la hewa iko vivyo hivyo: kila seli imeugusa utando wa msingi, ila si kila seli imefika juu. Huitwa epithelia ya matabaka ya uongo. Ukiona silia juu yake na vikombe vya ute katikati, mabishano yamekwisha. Ute hunasa vumbi, nazo silia huusukuma kwenda juu ili utemwe au umezwe.

Asiye na slaidi iliyotayarishwa aweza kujitengenezea moja. Chukua kijiti cha pamba kilicho safi, usugue taratibu upande wa ndani wa shavu lako mwenyewe, wala si la mwenzako. Pakaza juu ya kioo, tia tone la rangi ya buluu ya methileni, funika kwa kioo chembamba, kisha tazama. Kijiti kilichotumika kitupwe katika dawa ya kuua vijidudu. Utaona seli pana zenye pembe pembe, kila moja na kiini kidogo katikati. Upana wa seli moja ni kama sehemu ya 20 ya milimita. Wengi hushangaa kwamba seli zinazoitwa bapa zinaonekana pana hivyo. Hapana ajabu: sahani ukiitazama kutoka juu ni duara, ukiitazama kwa ubavu ni mstari. Katika slaidi za sanduku letu tulizitazama seli kwa ubavu. Hizi za shavu twazitazama kutoka juu.

Sasa nafika kwenye slaidi iliyonifanya nishike kalamu. Ilikuwa na matabaka kadhaa, lakini seli za juu hazikuwa bapa, wala za mchemraba, wala nguzo. Zilikuwa kubwa, zimevimba kama mito ya kulalia, na baadhi zilikuwa na viini viwili. Hiyo ni epithelia ya mpito, nayo ni ya kibofu cha mkojo na njia zake. Kibofu kikiwa kitupu, seli zake huvimba. Kikijaa, hunyooka zikawa kama bapa, na utando mzima ukatanuka bila kupasuka wala kuvuja. Kwa kazi hiyo hapana aina nyingine iifaayo kuliko hiyo.

Lakini kibofu hicho kina adui anayejulikana sana pwani yetu, naye ni kichocho. Mdudu wake aligunduliwa mwaka 1851 na Theodor Bilharz, daktari wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo. Viluwiluwi vyake hutoka katika konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, na minyoo ikikomaa hukaa katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mayai yake yana mwiba. Baadhi hutoka na mkojo, pamoja na damu. Mengine hunasa katika ukuta wa kibofu na kubaki humo. Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya mashamba ya mbali. Katika miaka ya 1980 wataalamu walichunguza maambukizo ya kichocho humu humu mjini Dar es Salaam, katika bonde la Msimbazi. Wilaya yetu ya Temeke nayo ina mabonde yake, ambamo watoto huoga na kucheza mvua zikisha.

Basi mayai yakikaa katika ukuta wa kibofu miaka mingi, huusumbua bila kukoma. Epithelia ya mpito, ikisha kuchoka kwa usumbufu huo, yaweza kugeuka ikawa epithelia bapa ya matabaka mengi, kama ya kinywa, na pengine ikatoa hata keratini kama ngozi. Mwili hujaribu kujikinga kwa kuweka utando mgumu zaidi. Lakini utando huo hauifai kazi ya kibofu, na katika watu wengine seli zake huendelea kuharibika mpaka zikawa saratani. Mwaka 1911 A. R. Ferguson aliandika juu ya wagonjwa 40 wa Misri, akionyesha kwamba kichocho na saratani ya kibofu hufuatana. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka mdudu huyu katika orodha ya vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa husababisha saratani kwa binadamu.

Angalieni jinsi aina ya epithelia inavyosema. Katika nchi zisizo na kichocho, saratani ya kibofu kwa kawaida hutokana na seli za mpito, wenyeji wa mahali pale. Penye kichocho kingi, sehemu kubwa huwa ya seli bapa, ambazo kibofuni ni wageni. Daktari wa tishu anapotazama kipande kidogo cha kibofu, huuliza maswali yale yale manne tuliyoyauliza sisi juu ya sanduku la shule.

Kanuni hiyo hufanya kazi kwingine pia. Mvutaji wa sigara wa miaka mingi hupoteza silia katika njia zake za hewa, na mahali pa nguzo hukaa seli bapa zisizoweza kusukuma ute. Hiyo ni sababu moja ya kikohozi chake cha kila asubuhi. Katika mlango wa kizazi wa mwanamke, epithelia mbili hukutana: bapa ya matabaka mengi kwa nje, na nguzo za tabaka moja kwa ndani. Karibu na mpaka huo kirusi kiitwacho HPV ndipo hupenda kuanzia uharibifu wake. Kuanzia mwaka 1928 George Papanicolaou, daktari mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba seli zilizokwanguliwa hapo zaweza kutazamwa kwa hadubini, kama tulivyozitazama za shavu. Kiini kilichokua kupita kiasi katika seli yake huwa ni onyo.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iongozayo kwa wanawake wa Tanzania, na wengi hufika hospitali wakiwa wamekwisha kuchelewa. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyo ufukweni mwa mji wetu, huwapokea wagonjwa kutoka kila mkoa. Hata hivyo, kuna uchunguzi mwepesi wa kupaka siki hafifu, ambayo huzifanya seli zenye kasoro kugeuka nyeupe zikaonekana kwa macho. Tena mwaka 2018 nchi yetu ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya kirusi hicho, na mwaka 2024 chanjo hiyo, kwa dozi moja, ilifikishwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Epithelia ni ukuta, na ufa wake huanza mdogo mno, wala jicho tupu haliuoni. Wanafunzi wenzangu, ye yote atakayeona damu katika mkojo wake, mvulana kwa msichana, asione haya wala asidhani ni jambo la kawaida la ukubwa. Amwambie mzazi au mwalimu, aende kituo cha afya apeleke mkojo ukapimwe. Mayai ya kichocho huonekana kwa hadubini kama hii yetu, na dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo kabla kibofu hakijageuka. Nanyi wazazi, fomu ya chanjo au ya dawa ya kichocho ikiletwa nyumbani, tafadhalini isomeni, mkiwa na shaka mwulizeni mganga, kisha itieni sahihi.

Slaidi za sanduku sasa zina majina mapya, yameandikwa kwa wino usiofutika na kupakwa rangi ya kucha ili unyevu usiyapate tena. Ye yote apendaye kuzitazama aje maabara Jumatano baada ya masomo, anawe mikono, na aanze kwa lenzi ndogo.

Mwanachama wa Chama cha Biolojia,
Kidato cha Sita